Mlimani Vidunda, Kutoa Maoni Hakutoshi

Tangazo la serikali husafiri vizuri panapopita gari. Likitoka makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa litafika Mikumi siku hiyohiyo, na kesho yake litakuwa limebandikwa Kidodi, kando ya barabara iendayo Kidatu na Ifakara. Kazi ni kulipandisha mlimani. Kata ya Vidunda imekaa juu, kwenye milima yenye jina hilohilo, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Mtu wa Chonwe au Udung'hu anayetaka kusoma kwa macho yake kilichobandikwa wilayani ana zaidi ya kilomita 100 mbele yake: ashuke mlima, asubiri gari Kidodi, abadilishe Mikumi, ndipo ashike njia ya Kilosa. Nauli ya kwenda na kurudi, ukiongeza na pa kulala, ni hela ya mbegu.

Naanza na umbali kwa sababu miongozo mingi ya kushirikisha wananchi huandikwa na watu wanaokaa karibu na ubao wa matangazo. Kwenye taarifa za miradi utakuta sentensi moja tu: wananchi walishirikishwa. Wapi? Lini? Wakiwa na karatasi gani mkononi? Na walipokataa jambo, lilibadilika? Milimani Vidunda maswali haya yana uzito wa pekee, maana kanuni za matumizi ya ardhi huko ndizo zinazoamua nani atalima bonde lipi wakati wa kiangazi, na nani ataambiwa apishe.

Rungu liko kwa nani

Kisheria, mwanakijiji wa Tanzania ana nguvu ambayo wakazi wengi wa mijini hawana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, kisha ikaifunga mikono: haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe na shamba kubwa au hana hata jembe. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla, kwa ajili ya mwekezaji au mradi wa umma, na eneo lenyewe ni hekta 250 au pungufu, yaani kama ekari 617, anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu. Likizidi hapo, uamuzi unahamia kwa waziri, na kijiji kinabaki na mapendekezo yake.

Mpango wa matumizi ya ardhi unapita njia inayofanana. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Namba 6 ya mwaka 2007, inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, kuanzia maandalizi na tathmini shirikishi hadi hati za haki miliki ya kimila na usimamizi wa mpango wenyewe. Rasimu hurudi kwenye mkutano mkuu, ukiridhia ndipo inapanda wilayani. Sheria ndogo za kijiji, zile zenye faini za kuchunga shambani au kukata miti, nazo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Sheria ndogo za wilaya zina utaratibu mwingine. Hapo wananchi hutangaziwa kusudio, hupewa muda wa kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, madiwani hupitisha, na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huridhia. Mwananchi hapo ni mshauri, na anayeishi mlimani ni mshauri aliye mbali.

Kwa hiyo kuna mahali sheria inamwomba mwanakijiji maoni, na kuna mahali inamwachia aamue. Mikutano inavyoendeshwa katika vijiji vingi nchini, mambo haya mawili yamechanganywa, na siku zote yanachanganywa kuelekea upande mmoja: mahali pa kuamua pamegeuzwa mahali pa kutoa maoni. Mtaalamu anasimama na ramani iliyokwisha kupakwa rangi, anaeleza kwa saa nzima, mwenyekiti anauliza kama wote wameelewa, sauti zinaitika ndiyo, karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Mzee aliyenyoosha mkono kule nyuma anaambiwa hoja yake itazungumzwa kwenye mengineyo. Ikifika mengineyo, nusu ya watu wameshakung'uta vumbi na kuondoka.

Watu 83,000 waliosikilizwa

Nguvu hii ya mkutano mkuu ina historia, na inafaa ijulikane na kila diwani. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania kutoka walikozoea kuishi, wengi wao bila kuulizwa, na mashamba ya watu yakagawiwa watu wengine bila maandishi. Kabla ya hapo, mwaka 1972, halmashauri za serikali za mitaa zilikuwa zimevunjwa. Sheria za kuzirudisha zikatungwa 1982. Migogoro iliyotokana na mahame na mashamba yaliyochanganywa ilizidi kiasi hata Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi akaunda Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji.

Tume hiyo ilifanya kazi ya kusikiliza kwa namna ambayo sijaiona tena. Iliendesha mikutano ya hadhara 277 iliyohudhuriwa na watu zaidi ya 83,000. Ikaandika kilichosemwa. Ilipotoa taarifa yake mwaka 1992 ilipendekeza kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wenyewe, isiwe tena chini ya Rais kama mdhamini wa ardhi yote nchini. Serikali haikuukubali msingi huo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na sheria mbili za ardhi za 1999 ziliibakiza ardhi yote chini ya Rais, usimamizi wa ardhi ya vijiji ukapewa halmashauri za vijiji, na mkutano mkuu ukaachiwa turufu ya kuridhia au kukataa.

Mtu anaweza kusema basi watu 83,000 walipoteza muda wao. Sikubaliani naye. Kwa kuwa maneno yao yaliandikwa na kuchapishwa, leo yeyote anaweza kuweka kilichosemwa upande huu na kilichopitishwa upande ule, akaona serikali ilichukua nini na ikaacha nini. Hilo ndilo linalokosekana kwenye mikutano ya vijiji. Muhtasari wa mkutano huandikwa mistari mitatu, hufungiwa kabatini, na mwaka unaofuata hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba watu wa kitongoji fulani walikataa mpaka fulani. Sera yenyewe ya 1995 imekwisha kutolewa upya kama toleo la 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Dodoma Machi 17, 2025. Kanuni zitafuata. Zikishuka hadi milimani, zitakutana na viongozi wa vijiji waliochaguliwa Novemba 27, 2024, ambao kipindi chao kinakwenda hadi 2029.

Mita 60 mlimani

Nje ya ofisi, hebu tuone kanuni moja inavyofanya kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira ya eneo hilo. Lengo ni jema, na mlima unalihitaji. Maji ya Vidunda yanashuka kuelekea bonde la Ruaha Mkuu, mto unaoendesha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204, ambao huko mbele unajiunga na Rufiji, uliko mradi wa Julius Nyerere wa megawati 2,115. Miwa ya Ruembe inategemea bonde hilohilo. Msitu ukikatwa huku juu, mchanga unashuka kule chini. Mkulima wa mlimani hahitaji semina ili alijue hilo, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuona kijito kikikauka.

Tatizo liko kwenye hesabu. Mita 60 kila upande ni ukanda wa mita 120. Kwa kila kilomita moja ya kijito ukanda huo unameza hekta 12, karibu ekari 30. Kwenye tambarare za Kimamba ekari 30 ni kona tu ya shamba la mkonge. Mlimani, ambako kinachobaki ni miteremko, hizo ndizo ekari zenye unyevu mvua ikikata. Ndizo zinazotoa mboga na mahindi mabichi wakati ghala limepungua. Wenyeji wa Iringa huziita vinyungu, na karibu kila mlima wa nchi hii una kitu cha namna hiyo.

Sasa ihamishie kanuni hiyo kwenye ramani. Kwenye ramani ya kawaida ya nchi, yenye kipimo cha 1:50,000, mita 60 ni milimita moja na kidogo. Huo ni unene wa mstari wa kalamu. Bibi aliyesimama mbele ya ukuta wa ofisi ya kijiji hawezi kujua kama bustani yake iko ndani ya mstari, nje ya mstari, au imefunikwa na mstari wenyewe. Akiulizwa kama anakubali vyanzo vya maji vihifadhiwe atasema ndiyo, na atakuwa anasema kweli. Hajaulizwa kama anakubali kuiacha bustani. Msimu ukifika, mgambo akimkuta na jembe, ataambiwa kwamba yeye mwenyewe aliunyooshea mpango mkono.

Ndiyo maana nasema mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji cha mlimani usipitishwe kabla mipaka yake haijatembelewa kwa miguu, kijito kwa kijito, wenye mashamba wakiwepo na vigingi vikichomekwa mbele yao. Zoezi hilo ni la kuchosha na posho zake ni nyingi kuliko za mkutano mmoja chini ya mwembe. Lakini huko bondeni ndiko mjadala wa kweli unakoanza. Sheria imekataza yaliyo ya kudumu na yanayoharibu. Je, miti ya matunda inaharibu? Majani ya kulishia mifugo? Mgomba mmoja mmoja pembeni mwa kijito? Kijiji kikikaa na bwana shamba na ofisa wa bonde la mto, kinaweza kuandika kwenye sheria ndogo zake kipi kinaruhusiwa na kwa masharti gani. Kisipokaa, kitapewa katazo la jumla ambalo halitafuatwa.

Mkoa wa Morogoro umeshaonja matokeo ya kutouliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na hoja: udongo ulikuwa unakwenda na maji. Wakulima nao walikuwa na hoja: kwenye udongo mwembamba, matuta yale yalifukua udongo usio na rutuba na kuuweka juu, tena kwa nguvu kazi iliyopaswa kuwa shambani. Hoja ya pili haikuwa na pa kusemewa. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mradi ukafa naye. Matombo na Vidunda ni mkoa mmoja, na watu wao wana mengi ya kufanana.

Nani hayupo kwenye mkutano

Moja ya mambo yanayofanana ni ukoo. Wavidunda, kama Waluguru, Wakaguru na Wasagara, kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na ardhi ya ukoo ilifuata njia hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi na kuzifuta mila zinazomnyima. Jambo la kuangaliwa huku ni la upande wa pili: fomu. Karani wa uhakiki akizoea kuuliza jina la mkuu wa kaya peke yake, shamba lililotoka kwa bibi mzaa mama linaweza kuandikwa jina la mkwe kwa alasiri moja, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mabaraza ya ardhi ya vijiji kisheria yana wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Ningependa kuona idadi hiyo ikiheshimiwa pia kwenye timu zinazotembelea mipaka.

Vijana nao mara nyingi hawapo. Msimu wa kuvuna miwa kiwanda cha Kilombero huvuta vibarua kutoka pande zote, na mkutano unaoitishwa siku ya kazi hukaliwa na wazee na watoto. Masika barabara za mlimani hazipitiki kirahisi. Ratiba ya mradi haijui mambo haya, inajua mwisho wa mwaka wa fedha, Juni 30, na ndiyo sababu mikutano mingi huitishwa harakaharaka robo ya mwisho, fedha zisije zikarudi.

Kisha kuna wafugaji. Kilosa ni wilaya iliyomwaga damu kwa sababu ya malisho na mashamba. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Tangu hapo imehubiriwa kwamba dawa ni mipango ya matumizi ya ardhi. Ni dawa, ikiwa wote wanaogusana wamekaa meza moja. Kijiji kikipanga peke yake, wakulima wakijihesabia kura, eneo la malisho litaangukia kwenye mawe, na jirani atalisoma kama tangazo la kumfukuza. Mipango ya pamoja ya vijiji kadhaa inaruhusiwa kisheria. Ni ya gharama zaidi, kwa hiyo hufanywa mara chache.

Wilaya hiyohiyo ina mfano unaotia moyo. Kuanzia 2012, vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwe viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu ulioendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mashirika ya MJUMITA na TaTEDO kwa msaada wa Uswisi. Vilipanga matumizi ya ardhi yao, vikatenga sehemu ya msitu kwa uvunaji wa mkaa kwa mzunguko wa miaka 24, na ushuru ukawa mali ya kijiji. Watu walifika kwenye mikutano. Kulikuwa na fedha halisi za kuamulia: darasa au zahanati, kisima au ofisi. Halafu Mei 2019 zikatoka kanuni mpya za uvunaji wa mazao ya misitu, zikaiingiza kamati ya wilaya ya uvunaji kati ya kijiji na msitu wake. Mtu aliyekaa kwenye vikao vya miaka saba akijifunza kuamua alirudishwa hatua moja nyuma kwa tangazo la gazeti la serikali.

Mjini mambo hubadilika zaidi. Mikumi ni mamlaka ya mji mdogo, na mahali pakishakuwa mji, serikali ya kijiji huondoka pamoja na mkutano mkuu wake, hubaki vitongoji. Ardhi ikishatangazwa eneo la mipangomiji, Sheria ya Mipangomiji, Namba 8 ya mwaka 2007, ndiyo inayoshika hatamu: wenye ardhi na wadau huitwa kikaoni, husikilizwa, na mamlaka huendelea. Vituo vya barabarani chini ya mlima, Kidodi na Ruaha, vinazidi kujaa nyumba na maduka. Wakazi wake watakapoletewa habari njema ya kupandishwa hadhi, waulize kwanza turufu yao itakwenda wapi.

Jirani zetu Kenya wamelipeleka jambo hili mahakamani. Katiba yao ya 2010 inalazimisha umma ushirikishwe, na Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliifuta Sheria ya Fedha ya 2023 nzima, moja ya sababu ikiwa upungufu wa ushirikishwaji huo. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo Oktoba mwaka uleule, lakini katibu yeyote wa kamati kule sasa anajua kwamba siku moja anaweza kuulizwa na jaji: maoni ya wananchi mliyafanyia nini? Swali hilo linaweza kuulizwa Kilosa pia, tena bila jaji. Katiba yetu, ibara ya 146, inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka.

Halmashauri ya Kilosa inaweza kuanza na mambo yasiyohitaji mfadhili. Rasimu ya mpango au sheria ndogo, kwa Kiswahili cha kawaida, ifike kwa kila mwenyekiti wa kitongoji wiki kadhaa kabla ya mkutano. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hakuna tena kisingizio cha lugha. Isomwe misikitini na makanisani, na pale wazee wanapoelewa zaidi Chividunda, ielezwe kwa Chividunda. Hoja zilizokataliwa ziandikwe pamoja na sababu ya kukataliwa. Na mambo ya ardhi yaondolewe kwenye mengineyo, yawekwe ajenda ya kwanza, watu wakiwa bado wamekaa.

Kwako msomaji wa mlimani na wa bondeni: kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Kama robo hii haujaitishwa kijijini kwako, mwulize mtendaji ni tarehe ngapi, na umwombe rasimu kabla ya siku hiyo.